Shikamoo ya Bomba

4 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Najua ulitaka kunisalimia ukasahau, kwa hiyo nimeitikia mapema. Mimi ni mzima. Magoti ndiyo yana mambo yao, lakini magoti hayaandiki barua. Mama yako ameleta salamu kutoka huko kwenye biashara zake, anasema alipokuona mara ya mwisho ulikuwa umekonda. Mama yako mdogo bado yuko kwenye lile duka la vioo, anakata vioo vya watu na vidole vyote kumi anavyo. Siku hizi anapaka mafuta mikono kabla ya kwenda kazini. Nimemuuliza mafuta ya nini kwa mtu anayeshinda na vumbi la vioo, akaniambia niendelee na shughuli zangu.

Uliuliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unaniitikia "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi" huku nasikia unagonga ukuta wa watu. Kwenye barua huwezi kujifanya unasikiliza.

Sasa habari kubwa. Nyumba imefungwa umeme upya. Zile nyaya alizoacha mume wetu, Mungu amlaze pema (mimi aliniachia nyumba, wewe akakuachia pua), zimeng'olewa zote. Nina soketi mbili jikoni, na nina hita, kwa hiyo nikifungua bomba napata maji ya moto kama mgeni wa hoteli. Usinune kwamba sikukungoja wewe fundi wa familia. Nimekungoja mpaka nimechoka, kila mwaka unasema likizo ijayo.

Fundi tunamwita Mluzi, maana anapiga mluzi tangu anapanda ngazi mpaka anashuka. Ni mtu safi, anafagia uchafu wake mwenyewe. Kila akimaliza nyumba ya mtu anabakiwa na waya mmoja mzuri wenye mistari ya kijani na njano, na wote ananiletea mimi. Tangu vidole vyangu vigombane na sindano nimehamia kwenye kusuka vikapu, na waya huu hausikii jua wala maji. Nakutumia kimoja ubebee chakula chako cha mchana.

La mwisho ni la kukuchekesha. Bomba jipya lina adabu kuliko wajukuu. Nikiligusa asubuhi kwa mkono wenye maji linanitekenya vidole, kidogo tu, kama linanipa shikamoo. Nami naliitikia marahaba, kisha naosha uso.

Bibi yako


21 Februari

Shikamoo Bibi,

Mimi sijambo na sijakonda, mwambie mama nilikuwa nimevaa nguo za kazi kubwa. Chumba nilichopanga kina dirisha linalofunguka sasa. Nilipewa cheti cha kazi nzuri karakanani, kimeandikwa jina langu kimakosa, lakini nimekitundika hivyo hivyo.

Kikapu kimefika. Nilikwenda nacho kazini, kikazunguka meza nzima. Mchomeleaji alitaka kukinunua. Mtunza stoo alikigeuza, akaangalia kitako, akasema, "Huyu aliyesuka ni hodari. Lakini huu waya ametoa wapi?" Hapo ndipo na mimi nikakiangalia vizuri, nikaweka kijiko chini.

Bibi, huo waya haubaki. Unaitwa ethi. Kazi yake ni kukaa ukutani bila kazi, na siku umeme ukitoroka ndani ya hita au jokofu, ethi inaudaka na kuupeleka ardhini. Ikikosekana, umeme unatafuta njia nyingine ya kufika ardhini. Kwako njia hiyo ni wewe, umesimama kwenye sakafu yenye maji, unaitikia marahaba.

Sasa hivi, kabla hujafika mwisho wa barua hii, nenda kazime hita kwenye swichi yake ya ukutani, na isiwashwe tena. Nangoja. Umerudi? Ahsante. Huyo Mluzi ni nani hasa? Ana leseni? Mwenye leseni anayo kadi yenye picha na namba, na hakasiriki akiulizwa. Nijibu haraka, Bibi, ninakupenda na nina hasira.

Mjukuu wako


25 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Kuku wa jirani wamehamia kwetu wote pamoja na jogoo, jirani anasema wamekuja kunitembelea. Paa la nyuma limezibwa. Mama yako mdogo ameanza kuimba akifua, na unaijua sauti yake, kwa hiyo tunavumilia. Wewe mwenyewe hujambo? Na huyo mchomeleaji aliyetaka kununua kikapu ameoa?

Hita nimezima. Nimekwenda kweli katikati ya barua kama ulivyoniagiza, miwani mkononi. Na bombani navaa kandambili, kwa hiyo tulia.

Nilimuuliza fundi kuhusu ule waya, kwa upole. Amesema taa inawaka na pasi inapata moto bila huo, kwa hiyo kwa maoni yake ni waya wa mapambo, waliouweka kiwandani ili kebo ijae. Mimi nilimuamini kwa sababu ni mzuri kweli. Mapambo hayo sasa yako mtaa mzima. Mwashi anabebea misumari, mama wa duka la dawa ameweka vitunguu, na mwenye saluni nimemsukia kikubwa chenye mfuniko cha kuwekea taulo.

Umeuliza Mluzi ni nani. Ni Mluzi. Mvua kwetu zimeanza.

Bibi yako


6 Aprili

Shikamoo Bibi,

Wote wazima huku. Mchomeleaji ana mke na watoto wanne, tuachane na mchomeleaji.

Umenihesabia vikapu, na mimi nimesoma nyumba. Mwashi, duka la dawa, saluni. Bibi, saluni. Watu wanaoshwa nywele pale, na kando yao kuna mashine ya kukaushia. Kila kikapu chako ni ukuta wa mtu usio na ethi, na wewe umevisuka vizuri mno hata mtu hawezi kuvichukia.

Nimeuliza karakanani tufanye nini tunapokuta kazi ya mtu asiye na leseni. Fundi wetu mkubwa amesema yeye akikuta kazi mbovu anairekebisha na kunyamaza, hakuajiriwa kuwa askari. Mchomeleaji akasema wanaoripoti wengi wao wanataka kumfukuza mwenzao mtaani wabaki na wateja. Hilo ni kweli, nimewaona. Ila mtunza stoo akamuuliza fundi mkubwa, "Na zile nyumba nyingine ambazo hukuitwa?" Fundi mkubwa akaomba apitishiwe chumvi.

Na mimi sipendi, Bibi. Mtu amepanda ngazi ya watu, amefanya kazi, amefagia, halafu mimi niliye mbali nimharibie jina kwa karatasi. Lakini nikifikiria mkono wako kwenye lile bomba, sipati pa kujificha. Nipe jina lake. Akienda mwenyewe kwenye ofisi inayotoa leseni za mafundi umeme kabla ya Mei, mimi nanyamaza kabisa. Asipokwenda, nitaandika.

Halafu kwa nini mama mdogo hanijibu? Nimemwandikia mara mbili. Huwa ananijibu hata akiwa hana la kusema.

Mjukuu wako


30 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Leo sina habari za kuku.

Mama yako mdogo hakujibu kwa sababu nilimkataza. Anaolewa Juni. Anaolewa na Mluzi.

Sasa umejua. Alikuja duka la vioo kutaka kioo cha taa, akarudi kutaka kingine, mpaka tajiri wa mama yako mdogo akamuuliza hizo taa anazila? Unajua umri wake mwanangu huyu. Unajua maneno aliyovumilia kwenye harusi za wenzake, na jinsi alivyokuwa anarudi mapema akisema kichwa kinamuuma. Sasa anaimba. Mimi nimeishi nikitamani kuisikia ile sauti mbaya, mjukuu wangu, na sasa naisikia kila siku, nalia jikoni kwa furaha.

Mluzi si tapeli. Alijifunza kwa kumshikia ngazi fundi mwingine, na fundi yule alikuwa anaung'oa huo waya anafungia mizigo kwenye baiskeli. Nani alimwambia tofauti? Barua yako ya kwanza nilimsomea kipande kidogo. Hii ya pili sikumsomea. Iko chini ya godoro langu, na ndiyo maana silali vizuri.

Ripoti basi, kama moyo wako unaweza. Wangu hauwezi.

Bibi yako


11 Mei

Shikamoo Bibi,

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikacheka hapo kwenye taa anazila, kisha nikakaa chini. Mwambie mama mdogo nampongeza kwa roho yangu yote. Yeye ndiye alinifundisha kukata kioo bila kukiogopa. Kama si yeye nisingethubutu kushika waya.

Barua ya ofisini nimeipeleka leo asubuhi kabla ya kuandika hii. Ningeanza na hii, ile isingeandikwa. Sikumshtaki kwa ubaya. Nimetaja mtaa, nimetaja saluni kwanza, nimesema mwenye kazi si mwizi bali hakufundishwa, na nimeomba afundishwe. Palipotakiwa jina la fundi sikuwa nalo, maana bibi yangu ni mgumu kuliko zege. Nimeandika: Hajulikani. Anapiga mluzi.

Kama sitaalikwa harusini nitaelewa. Nitalia, lakini nitaelewa. Usiwashe hita.

Mjukuu wako


19 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba, marahaba tena, na kaa chini kwanza, maana hii ni ndefu.

Wiki tatu baada ya kukutumia ile barua yangu ya hasira, mama yako mdogo alirudi kazini na vumbi la vioo mikononi. Akataka maji ya moto, akawasha hita mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nasuka. Alipogusa bomba akaruka, beseni likaanguka, akaanza kucheka. "Mama, limenisalimia na mimi." Nikataka kucheka naye. Kicheko kikatoka nusu, kingine kikakataa. Mimi nilikuwa naona mzaha ni wangu na bomba langu. Sikuwahi kuuona kwenye mkono wa mwanangu, ule ule anaoupaka mafuta.

Nikazima hita. Nikatoa barua yako chini ya godoro, nikamwita Mluzi, nikamsomea yote, hata pale ulipoandika huna pa kujificha. Nikamwambia, "Baba, kesho naenda kukusema ofisini. Mjukuu wangu hajui jina lako, lakini mimi nalijua." Alinyamaza. Mluzi kunyamaza, mke mwenzangu, ni jambo la kutisha. Kisha akauliza, "Utakwendaje na magoti hayo?" Nikasema nitajikokota. Akasema, "Vikapu nitakubebea."

Mimi hayo maneno yenu ya kebo na ethi siyajui, kwa hiyo tulipita nyumba kwa nyumba tukakusanya vikapu. Mwashi alimwaga misumari yake chini huku ananuna. Mama wa duka la dawa alitaka kwanza tumpe kingine cha vitunguu. Tukaingia ofisini, mimi mbele na fimbo, Mluzi nyuma, vikapu mikono yote miwili mpaka mabegani. Afisa ni msichana wa makamo yako. Akainua mikono. "Mama, samahani, haturuhusiwi kupokea zawadi."

Nikamwambia, "Mwanangu, hii si zawadi. Hii ni ripoti."

Nikavipanga mezani. Hiki ni jiko langu. Hiki ni duka la dawa. Hiki chenye mfuniko ni saluni, anza nacho. Yule binti alishika kikapu, akashika kingine, akaita mwenzake, mwenzake akaita bosi. Wote walicheka mpaka walipoelewa, wakaacha. Bosi akaniuliza, "Na huyu baba aliyekubebea ni nani?"

"Huyu ndiye aliyefunga."

Hapo binti alienda kwenye kabati akarudi na barua yako. Walikuwa nayo tangu wiki iliyopita na hawakujua pa kuanzia, maana wamepita mtaani wakiuliza fundi anayepiga mluzi, na mtaa wetu wanaume wote wanapiga mluzi. Mluzi akaomba aisome. Alipofika pale ulipoandika si mwizi bali hakufundishwa, alivua kofia.

Ameambiwa hivi. Haruhusiwi kushika kazi peke yake. Atazirudia nyumba zote akiwa na fundi mwenye leseni pembeni, saluni ya kwanza, kisha ataingia darasani jioni na kufanya mtihani. Saluni imefungwa tangu siku ile, mwenyewe anasuka watu uani na hanisalimii vizuri. Mwashi naye anapita mbali. Siwalaumu, nitawarudishia siku moja kwa kikapu cha kitu kingine.

Harusi haitakuwa Juni. Usishtuke. Mama yako mdogo ndiye aliyesema, na Mluzi amekaa palepale: "Siolewi mpaka bomba linyamaze." Mluzi amekubali. Anakuomba wewe, kama hujamchoka kabla hujamwona, uje usimame pembeni siku ya jiko letu. Anasema mtu aliyemwandikia vile hatamficha kosa.

Na mwaliko wa harusi nimeuweka ndani ya bahasha hii. Angalia vizuri chini, hukuuona.

Bibi yako


2 Julai

Shikamoo Bibi, shikamoo Bibi,

Nimeuona. Nimeubusu, wino wa jina la mama mdogo umenibaki mdomoni, nimekwenda nao kazini hivyo hivyo.

Barua yako nimewasomea wote karakanani. Kwenye "hii ni ripoti" mtunza stoo alitoka nje kucheka asije akaangusha vitu. Fundi mkubwa hakucheka sana. Baadaye alinifuata akauliza ile ofisi inafunguliwa saa ngapi, kuna nyumba moja aliwahi kuirekebisha, na haachi kuzifikiria nyingine za fundi yule yule ambazo yeye hakuitwa. Nikamwambia, naye akajifanya ameuliza kwa ajili ya mtu mwingine.

Likizo nimepewa, na safari hii ni kweli, tiketi ninayo. Mwambie shemeji... hapana, nimwite nani? Mume wa mama mdogo ni baba mdogo. Mwambie baba mdogo asiguse jiko mpaka nifike. Yeye atashika bisibisi, mimi nitashika testa ya kupimia umeme, na kupiga mluzi anaruhusiwa. Waya wa vikapu asiurudishe ukutani, umeshakatwa vipande. Nakuja na mpya.

Bibi, ulisema moyo wako hauwezi. Naomba nikuone nao uso kwa uso nikuchekee.

Mjukuu wako


10 Septemba

Mke mwenzangu,

Marahaba. Umeondoka na upande mmoja wa kandambili zangu, sijui unaupeleka wapi. Nyumba ina kelele kidogo kuliko wiki ile ya harusi, na bado ina kelele. Maharusi wamehamia chumba cha uani mpaka kwao kuishe. Mama yako mdogo anaimba asubuhi, Mluzi anamfuatisha kwa mluzi, na hakuna kati yao anayejua wimbo. Jogoo wa jirani amerudi kwao mwenyewe.

Saluni imefunguliwa. Mwenyewe ameniosha nywele bure, akanisugua kichwa kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa, nikajua tumepatana. Watu wanauliza vikapu. Nawaambia kiwanda changu kimefungwa na mke mwenzangu. Vile vya zamani wamebaki navyo ofisini kwao, yule binti anasema wanawafundishia wanafunzi, na Mluzi amevikuta darasani kwake. Kila jioni anasoma kwenye meza ya jikoni, ananiuliza maswali kutoka kitabuni kana kwamba najua. Juzi nimejibu moja sawasawa.

Sikukuambia hili ulipokuwa hapa. Ile siku mliyomaliza jiko ukaniita nishike bomba mbele ya mama yako, mama yako mdogo na mwashi, nilishika, likanyamaza, mkapiga makofi na mimi nikapiga. Lakini asubuhi zilizofuata nilikuwa nalishika, nangoja, na hakuna kitu. Nimezeeka na bomba lile miezi kadhaa, nikaona kama limeniacha. Usinicheke.

Unakumbuka Mluzi alivyokuwa ananisalimia? Tangu aingie nyumba hii ilikuwa ni mkono juu na "habari za vikapu?" Hata siku ya harusi, kwa woga, aliniuliza habari za vikapu.

Leo asubuhi nilikuwa bombani, mkono una maji, kimya. Mlango wa uani ukafunguka. Alikuwa anakwenda nyumba ya mwisho, ile ya mama wa duka la dawa, na fundi mwenye leseni anamngoja barabarani. Akaiegemeza ngazi ukutani. Akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Nilichelewa kumjibu, kwa mazoea niliangalia kwanza bomba. Kisha nikageuka nikamwambia, marahaba, mwanangu.

Bibi yako